Umepata kazi ya kufundisha Beijing? Anza na jina lako

Mwaka wangu wa kwanza Beijing nilikaa wiki tatu bila kuweza kununua hata kahawa kwenye mashine iliyokuwa mlangoni mwa jengo letu la madarasa. Pesa nilikuwa nayo, akaunti ya benki nilikuwa nayo. Shida ilikuwa nafasi moja tu kati ya jina langu la pili na la tatu. Karani wa benki aliyaunganisha, watu wa simu wakayaacha mbalimbali, na programu ya malipo ilipoyalinganisha ikaamua kwamba sisi ni watu wawili.

Basi nayaandika haya kwa mwalimu anayetoka kwetu, awe wa Dar, Mombasa, Kigali au Bujumbura. Nazungumzia Beijing kwa sababu ndiko niliko, na ndiko vyuo vimekuwa vikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Anayekwenda Tianjin, Shanghai au Chengdu atabadilisha kidogo tu. La kushika mapema ni kwamba huku mambo yamefungana kama mnyororo: karatasi ya polisi inafungua kibali, kibali kinafungua benki, benki inafungua simu ya kulipia, na simu ndiyo inayofungua karibu kila kitu kingine. Ukiruka pingili moja utarudishwa ulikotoka, kwa heshima na tabasamu, lakini utarudishwa.

Kabla hujapanda ndege

Viza ya kazi ni ile ya herufi Z. Mwajiri ndiye anayeanza: anaomba barua ya kibali cha kazi huko China, anakutumia, nawe unaipeleka ubalozini au kwenye kituo chao cha viza. Z kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, na kazi yake ni kukuvusha mpakani tu. Baada ya hapo una siku 30 za kuomba kibali cha ukaaji. Akitokea mtu wa kukwambia njoo kwa viza ya mwanafunzi au ya biashara, "tutakubadilishia hukohuko", huyo ni kishoka hata kama amevaa tai. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi kinyume na utaratibu faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa analala ndani siku 5 hadi 15. Siku hiyo kishoka hatakuwepo pale kaunta.

Kuhusu kufundisha Kiingereza niseme wazi, maana wengi wanauliza. Kanuni inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama, awe na shahada ya kwanza na, kwa kawaida, uzoefu wa miaka miwili. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayeongea Kiingereza kama maji bado maombi yake yanaweza kukwama kwenye mstari wa utaifa. Wapo pia wenye shule wanaotaka sura fulani mbele ya wazazi. Hilo nalo lipo, tusidanganyane. Isitoshe, Julai 2021 serikali ilibana masomo ya ziada ya kulipia kwa sera waliyoiita shuangjian, na vituo vingi vya tuisheni vikafunga milango. Milango iliyo wazi kwetu ni Kiswahili vyuoni, na hisabati au sayansi kwenye shule za kimataifa.

Karatasi kuu ni cheti cha shahada na hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai, zote zimethibitishwa. China ilianza kutumia mkataba wa Apostille, yaani muhuri mmoja wa nchini kwako unaotosha bila kupita ubalozini, tarehe 7 Novemba 2023, na Rwanda na Burundi ni wanachama. Kama nchi yako haimo, njia ni ileile ya zamani: wizara ya mambo ya nje kwanza, halafu ubalozi wa China. Anza miezi mitatu kabla, si wiki tatu.

Sasa jina. Toa pasipoti na cheti cha shahada, viweke pamoja mezani. Kama cheti kina majina mawili na pasipoti ina matatu, au kimoja kimeandika Mohamed na kingine Mohammed, tengeneza hati ya kiapo ukiwa bado nyumbani, kwa wakili wako, kwa lugha unayoielewa. Tangu siku hiyo jina lako ni lile la pasipoti, kwa mpangilio uleule, herufi kwa herufi. Kwa waume zetu na wake zetu wanaofuatana nasi, cheti cha ndoa nacho kipite njia hiyohiyo.

Kwenye simu, pakia WeChat, programu ya ujumbe na malipo, na Alipay, ya malipo, ukiwa bado nyumbani. Alipay unaweza kuisajili kwa pasipoti na kuiunganisha na kadi ya Visa au Mastercard, ikakubeba siku za mwanzo. Malipo yakizidi yuan 200 unakatwa asilimia 3. WeChat wakati mwingine inataka mtu ambaye tayari ni mtumiaji akuskanie msimbo, kwa hiyo tafuta mdhamini mapema. Laini ya nyumbani usiizime. Iache kwenye huduma ya kutumika nje ya nchi, kwa sababu benki yako na M-Pesa zitaendelea kutuma namba za siri huko. WhatsApp, Google, YouTube na Facebook hazifunguki kwenye mtandao wa China. Laini ya nyumbani inazifungua, ila bando lake linauma. Masomo yako yaliyoko kwenye hifadhi ya Google yashushe yote kwenye kompyuta. Na mama mfundishe kutumia WeChat kabla ya safari. Kumfundisha kwa mbali nimejaribu, sitaki kukumbuka.

Saa 24 za mwanzo

Ukifikia hoteli, wao ndio wanaokuandikisha polisi. Ukifikia kwenye nyumba ya chuo, uliza pale mapokezi kama wanakuandikisha wao. Ukifikia kwa rafiki au kwenye nyumba uliyopanga, ni jukumu lako kwenda kituo cha polisi cha mtaa, paichusuo, ndani ya saa 24, na pasipoti, mkataba wa nyumba, na ikibidi mwenye nyumba mwenyewe. Wanakupa kipande cha karatasi kisicho na mvuto wowote. Kipige picha, kihifadhi, kwa sababu kila ofisi itakayofuata itakiulizia. Kuchelewa kunaanzia onyo na kunaweza kufika faini ya yuan 2,000. Ukihama nyumba unakwenda tena. Ukipata viza au kibali kipya, unakwenda tena.

Baada ya hapo ni kupimwa afya: damu, picha ya kifua, moyo, tumbo kwa ultrasound. Nenda asubuhi bila kula. Unapelekwa chumba hadi chumba na karatasi mkononi, kila mmoja anagonga muhuri wake, na ndani ya saa moja umemaliza. Kisha kibali cha kazi, kisha kibali cha ukaaji kinachobandikwa kwenye pasipoti. Pasipoti itabaki kwao wiki moja, pengine mbili. Unapewa stakabadhi ambayo ndiyo kitambulisho chako kwa muda huo. Usipange kutoka nje ya nchi kipindi hicho.

Laini, benki, kisha malipo

Fuata mpangilio huo, usiupindue. Laini inapatikana kwa pasipoti peke yake, lakini nenda ofisi kubwa ya China Mobile, China Unicom au China Telecom, si kibanda cha kona. Watakupiga picha ya uso. Kabla karani hajachapisha mkataba, mwombe akugeuzie kioo cha kompyuta uone jina lako lilivyoingia. Kama kuna nafasi kati ya majina, iwepo kila mahali. Kama ameunganisha, mwambie atenganishe.

Benki subiri kibali cha ukaaji kitoke. Beba pasipoti, kile kikaratasi cha polisi, barua ya kazi, namba ya simu mpya, na namba yako ya mlipakodi ya nyumbani maana wataiulizia. Tenga nusu siku. Yule kijana wa kaunta hajawahi kuona jina lenye sehemu tatu ambapo hakuna hata moja iliyo la ukoo kwa namna anayoijua yeye, atamwita mkubwa wake, mkubwa atapiga simu. Wewe kaa, kunywa maji ya moto wanayokupa, na ukifika wakati wa kusaini, omba tena kuona kioo. Kisha unganisha kadi na WeChat na Alipay, na ujaribu kwa kumtumia mwenzako yuan 1. Ikikataa, usibahatishe mara kumi. Rudi uwaulize jina lako wameliandikaje kwenye mfumo wao, na uliandike vilevile.

Ikikubali, umekombolewa. Hata mzee anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara ana msimbo wake wa QR umening'inia kwenye mkokoteni. Noti zinapokelewa, ila chenji ni kazi kuipata.

Kutuma pesa nyumbani: benki inakubadilishia hadi dola 500 kwa siku bila maswali mengi. Zaidi ya hapo wanataka mkataba wa kazi na uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Kwa hiyo kila mwezi mwombe mhasibu akupe taarifa ya kodi yako, usisubiri Desemba. Yuan 5,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi, na hilo likusaidie kukagua hesabu zao.

Nyumba na baridi

Kama chuo kinakupa chumba, kichukue kwa mwaka wa kwanza hata kama ni kidogo. Anayepanga nje ajiandae na desturi ya ya yi fu san: amana ya mwezi mmoja na kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na dalali juu yake mara nyingi anataka kiasi cha mwezi mmoja. Hiyo ni miezi mitano ya kodi kabla hujalala usiku wa kwanza. Usimlipe dalali kabla ya kumuuliza mwenye nyumba swali moja: yuko tayari kwenda na wewe polisi? Akisitasita, tafuta nyingine.

Joto la ndani Beijing linawashwa na mji, si na wewe, kuanzia 15 Novemba hadi 15 Machi. Wiki mbili za kabla ya hapo ndizo za kuvaa koti kitandani. Miji iliyo kusini ya mto Huai na milima ya Qinling haina utaratibu huo kabisa, ndiyo maana wenzetu wa Shanghai na Chongqing, ambako nje si baridi kama huku, ndio wanaolalamika zaidi. Hewa ya Beijing ya Januari ni kavu kiasi kwamba kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Mafuta ya nazi uliyokuja nayo yataisha haraka kuliko ulivyodhani.

Chakula

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoteseka bure, maana soko lina karibu kila kitu, ila limekiita jina jingine. Mchicha upo. Unaitwa xiancai, mara nyingi ule wenye moyo mwekundu unaopaka wali rangi, na majira ya joto umejaa sokoni. Mishikaki ipo kila mtaa: yangrouchuan, ya kondoo, iliyonyunyiziwa pilipili na bizari nyembamba. Karafuu na mdalasini utavipata dukani bila shida. Iliki njoo nayo. Mchele wa huku kaskazini ni mfupi na unanata, ukiupikia pilau unapata bokoboko. Tafuta wa Thailand, wenyewe wanauita taiguo xiangmi. Unga wa mahindi, yumimian, ni wa njano, na wazee wetu watakumbuka miaka ya njaa. Unasongeka vizuri. Mweupe unaagizwa kwenye Taobao, duka la mtandaoni, na unaletwa hadi getini.

Kwa Waislamu, neno la kutafuta ni qingzhen, na mara nyingi limeandikwa kwa kijani juu ya mlango. Vyuo vingi vina bwalo la qingzhen, na vijiduka vya tambi za Lanzhou viko karibu kila kona. Ukiona maandishi hayo mlangoni, ingia. Lakini jua hili: kwa Kichina neno rou, nyama, likisimama peke yake ni nguruwe. Ukiuliza "kuna nyama?" ukaambiwa hakuna, bado mboga inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta yake. Jifunze kusema wo bu chi zhurou, sili nguruwe, kabla hujajifunza kusema asante. Ijumaa, msikiti wa Niujie, ulioanza mwaka 996, una mapaa kama ya hekalu na mihrabu yenye maandishi ya Kiarabu, na nje yake kuna mtaa mzima wa wachinjaji na wauza keki. Kwa Wakristo yako makanisa yaliyosajiliwa. Kwa wote: dini ibaki nje ya darasa. Swali la mwanafunzi lijibu kwa kifupi, kisha rudi kwenye ngeli.

Maji ya bomba hayanywewi. Yanachemshwa, na yanayochemshwa yananywewa ya moto, hata Julai. Nunua chupa ya kuhifadhi joto wiki ya kwanza. Utaonekana mtu wa hapa.

Darasani

Saa za China ni tano mbele ya Dar na Mombasa, sita mbele ya Kigali na Bujumbura: huku ikiwa saa mbili usiku, Dar ni saa tisa alasiri. Kipindi cha saa mbili asubuhi kinaanza saa mbili kamili, na wanafunzi wameshakaa dakika kumi kabla. Halafu wananyamaza. Mwalimu mgeni anadhani hawajaelewa, anarudia, anarudia tena. Wameelewa. Hawataki tu kukosea mbele ya wenzao, au kumwonesha mwalimu kwamba hakueleweka. Uso wa kila mtu, yaani heshima yake, kwa Kichina "mianzi", unalindwa. Uliza swali, wape dakika mbili wazungumze wawiliwawili, kisha waite wawili pamoja. Usimsahihishe mtu kwa kicheko, hata kile chetu cha upendo.

Wanaosoma Kiswahili kwa shahada wanakaa nacho miaka minne, na jambo la kwanza watakaloomba ni majina. Usigawe ovyo. Kaa na kila mmoja, mwambie maana, mwache achague kati ya mawili matatu, kwa sababu jina hilo atalibeba hadi kazini. Nina Neema wawili na Baraka mmoja ambaye nusura awe Shabani, hadi aliposikia kwamba ni mwezi. Somo la saa nalo wanalipenda kuliko nilivyotarajia: ni hesabu, na kutoa sita wanatoa haraka kuliko mimi. Na shikamoo wanaipenda hasa. Utaisikia kutoka mwisho wa korido, mtu anakimbia na chupa yake ya maji ili akuwahi.

Wao pia watakupa jina la Kichina, la herufi mbili au tatu, linalofanana kidogo na la kwako. Lipokee kwa mikono miwili, litumie darasani, kwenye tamasha, kwenye salamu za Siku ya Walimu tarehe 10 Septemba. Benki usilitaje kabisa.

Ofisini kila mtu ni laoshi, mwalimu, hata yule anayeshughulikia viza yako, na hasa huyo. Tangazo linakuja kwenye kundi la WeChat saa nne usiku, kwa Kichina, likihusu kesho asubuhi. Lipitishe kwenye tafsiri ya simu kila usiku kabla ya kulala. Saa za mchana baada ya kula watu wanalala, vichwa juu ya meza, usipange kikao. Na sikukuu zinalipwa: ukipewa wiki ya Oktoba kuanzia tarehe 1, kuna Jumamosi au Jumapili utafundisha kuifidia.

Mtaani

Utaangaliwa. Utapigwa picha, nyingine kwa ruhusa. Bibi atakuuliza umri, mshahara na kama umeoa, kabla hajakuuliza jina. Kwa mtu wa pwani hilo si geni sana. Nywele zikiguswa, sema bu yao kwa upole na usogee. Utasikia pia neno linalotamkwa "nege", mara kumi kwa dakika, kwenye treni na dukani. Si tusi. Ni "ile", na wanalitumia kama sisi tunavyotumia "nani hii" tunapotafuta neno.

Metro nauli inaanzia yuan 3, na begi linapita kwenye mashine kila kituo. Ramani tumia Gaode. Treni za mwendo kasi zinakatiwa tiketi kwenye programu ya 12306 kwa pasipoti. Tianjin ni nusu saa tu. Baiskeli za umeme hazina sauti na zinakuja kutoka upande usioutarajia.

Ukiumwa

Anza na zahanati ya chuo. Hospitali kubwa unajiandikisha kwanza, guahao, unalipa, unamwona daktari, unalipa kipimo, unarudi, unalipa dawa, kila kitu na pasipoti mkononi. Nenda na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, utamsaidia msamiati na yeye atakusaidia foleni. Ambulensi ni 120, polisi 110, zimamoto 119, na maswali ya uhamiaji ni 12367, wanapokea saa zote na kwa Kiingereza pia.

Moja nalisisitiza. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa haina malaria Juni 2021, na daktari wa kawaida wa Beijing huenda hajawahi kumwona mgonjwa wake. Ukipata homa baada ya kutoka likizo nyumbani, hata mwezi mzima baadaye, usisubiri waseme ni mafua. Sema mwenyewe, siku hiyohiyo: natoka Afrika, nipimeni nueji. Liandike neno hilo kwa Kichina, 疟疾, ndani ya jalada la pasipoti.

Mnyororo unapozunguka tena

Kibali cha ukaaji kinaombwa upya siku 30 kabla hakijaisha; weka kengele siku 60 kabla. Ukibadilisha mwajiri, usiondoke bila barua ya kuachiwa kazi na kufutwa kwa kibali cha zamani, kwani chuo kipya hakitaweza kukuombea kingine. Na pasipoti ikikaribia kujaa, kumbuka kwamba mpya ina namba mpya: ubalozini kwanza, kisha polisi, kibali, benki, ofisi ya simu, WeChat, 12306, kwa mpangilio huohuo. Nenda na pasipoti zote mbili. Na pale kaunta, kabla ya kusaini, mwombe karani akugeuzie kioo.